Tumetengeneza mwanzo wa filamu ya taharuki, darasa zima limecheka. Tumekosea wapi?

#1 Kopo la Rangi
Wakuu habari za jioni.

Mimi na wenzangu watatu tunasoma diploma ya utayarishaji wa filamu, mwaka wa pili, hapa Dar. Tulipewa kazi ya kutengeneza mwanzo wa filamu ya taharuki, usiozidi dakika mbili, na ndani yake yawemo majina ya waigizaji na jina la filamu. Filamu nzima haitakiwi, trela haitakiwi. Mwanzo tu.

Tulijipanga. Skripti kurasa mbili, storibodi michoro 31, pagale la jirani tukapewa bure. Hadithi yenyewe: dada anatoka kazini usiku, anakatiza kwenye pagale, jamaa wa barakoa anamtokea na kisu. Ukelele. Damu ukutani. Giza. Kisha jina kwa maandishi mekundu: DAMU YA USIKU.

Jumatatu tumeionyesha darasani. Sekunde ya 12 jamaa katokea, darasa likaangua kicheko. Wala hawakuwa wanatubeza, walicheka kweli, mmoja mpaka kainamia dawati. Mwalimu hakucheka. Aliuliza tu, "Taharuki iko wapi?" Ametupa siku kumi turudie.

Tumebakiwa na 45,000, simu mbili, tripodi moja na taa moja ya kuchaji. Msituonee huruma, semeni tulipokosea.

#2 Mchafuzi
Siti ya mbele kabisa. Nani ana karanga?

#3 Fundi Taa
Weka video mkuu, tusipige ramli.

#4 Kopo la Rangi
@Fundi Taa dada aliyeigiza amekataa isiwekwe popote. Ulizeni, nitaeleza shoti kwa shoti.

#5 Babu Reli
Kijana, muuaji umemtoa sekunde ya 12. Zimebaki 108. Mtazamaji aogope nini muda wote huo?

Hitchcock, bingwa wa filamu za taharuki, aliwahi kumweleza mwongozaji mwenzake Truffaut jambo hili kwa mfano wa bomu chini ya meza. Likilipuka ghafla, watu wanashtuka sekunde 15. Lakini mtazamaji akiliona kwanza, na waliokaa mezani hawajui, wanaendelea na soga zao, umemweka roho juu dakika 15. Mimi vijana wangu nilikuwa nawaambia hivi: nyoka kaingia kwenye kiatu. Wewe umemwona, mtoto hajamwona. Mtoto anaanza kutafuta viatu vyake aende shule. Hapo hata mtoto akipiga mluzi tu, ukumbi mzima unakunja vidole vya miguu.

Ninyi mmemtoa nyoka nje na kumwanika juani.

#6 Kanjanja
Babu umemaliza, uzi ufungwe. Hitchcock huyohuyo ndiye aliyefungua filamu kwa bomu kwenye buti la gari, shoti moja zaidi ya dakika tatu bila kukata. Dogo afanye hivyo, shoti moja tu, kuhariri hakuna.

#7 Dada Klipu
@Kanjanja hiyo si ya Hitchcock. Ni ya Orson Welles, Touch of Evil, 1958. Na shoti ile ilipigwa na watu wanaolipwa, wana kreni ya kunyanyulia kamera. Mwanafunzi mwenye tripodi moja akijaribu shoti ya dakika mbili usiku, atarudia mara 25 na kwenye ya 24 bodaboda itapita na honi.

Cha kuiga pale ni kitu kingine. Ule mji wa mpakani Mexico mnaouona ni Venice ya California. Lokesheni si lazima iwe ile inayotajwa kwenye hadithi, ilimradi fremu isikusaliti.

Mleta mada, michoro 31 ndani ya sekunde 120 ni chini ya sekunde nne kila shoti, na hapo hujaweka majina. Umemkimbiza mtazamaji kabla hajakaa.

#8 Kanjanja
Sawa, Welles. Nimerekebishika. Bomu ni bomu.

#9 Mchafuzi
Swali la msingi hamjaliuliza. Muuaji aliigizwa na nani?

#10 Kopo la Rangi
Dah. Kiongozi wetu wa darasa. Ndiye mchekeshaji wetu pia. Barakoa ni ya kipindi kile cha korona, tuliipaka rangi nyeusi. Na alivaa raba zake za kijani ambazo chuo kizima kinazijua.

#11 Mchafuzi
Kesi imefungwa. Sekunde ya 12 hakutokea muuaji, zilitokea raba za kijani. Hata mimi ningecheka na sizijui.

#12 Babu Reli
@Mchafuzi kwa mara ya kwanza tangu nikufahamu humu umeongea maana. Lakini haitoshi. Ukimbadilisha mwigizaji, bado ana sekunde 108 za bure.

#13 SautiKwanza
Wote mnaongelea macho. Dogo, muziki mliweka upi?

#14 Kopo la Rangi
Zeze za kutisha, tuliupakua mtandaoni. Unaanza sekunde ya kwanza mpaka mwisho.

#15 SautiKwanza
Basi mimi siangalii raba. Muziki umeshamwambia mtazamaji "ogopa, ogopa, ogopa" kabla hajaona cha kuogopa. Mtu akiamrishwa kuogopa, anacheka.

Zima muziki. Rekodi ukimya wa mahali penyewe nusu dakika, wote mmenyamaza, simu zimezimwa. Kila mahali pana ukimya wake. Kisha rekodi hatua peke yake: mtu atembee kwenye kokoto, maiki iwe karibu na kiatu. Ufunguo. Pumzi. Ukitaka mfupa uvunjike, vunja muwa karibu na maiki, hutaamini masikio yako. Sauti utakayoirekodi wewe chumbani saa nane usiku, majirani wamelala, inaweza kuzidi kamera ya mamilioni.

Na muziki wa kupakua angalieni hakimiliki. Kazi ya chuo ikiwa nzuri mtataka kuipeleka kwenye tamasha, hapo ndipo mwenye zeze zake atajitokeza.

#16 Dada Klipu
@SautiKwanza nakubali nusu. Hitchcock alitaka tukio la bafuni kwenye Psycho, 1960, lisiwe na muziki kabisa. Herrmann, mtunzi wake wa muziki, akaandika hata hivyo, ala za nyuzi tupu, Hitchcock aliposikia akabadili msimamo. Kwa hiyo si kila zeze ni kosa. Kosa ni zeze isiyonyamaza.

#17 Mwl wa Zamu
Naomba niingie kama mwalimu wa fasihi, mtanivumilia. Wengi humu mnachanganya taharuki na fumbo.

Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, anakuta jambo limeshatokea, anawasha kiko, anafumbua. Sisi wasomaji tunauliza "nani?" na "kwa nini?" Hilo ni fumbo. Willy Gamba wa Elvis Musiba yuko mbioni, hatari iko mbele yake, tunauliza "atatoka salama?" Hiyo ni taharuki. Joram Kiango wa Ben Mtobwa naye anacheza kote kote.

Mleta uzi hana swali lolote. Dada tumemjua sekunde kumi, kafa. Hatumjui, hatumlilii. Ningeanza na kumfanya awe mtu. Mpe kitu mkononi. Amebeba keki ya mwanawe, basi, tayari tuna wasiwasi na keki.

#18 Kanjanja
Mwalimu, Joram Kiango nilimsoma chini ya dawati kipindi cha hesabu. Ndiyo maana niko hivi nilivyo.

#19 Mwl wa Zamu
Nilikuona.

#20 Fundi Taa
Sasa tuje kwenye taa maana naona watu wanakula nadharia. @Kopo la Rangi mlipiga saa ngapi, na picha ina michirizi inayotembea?

#21 Kopo la Rangi
Saa tatu usiku. Michirizi ipo! Kwenye shoti za chini ya taa ya ukutani kwa jirani. Tulidhani simu mbovu.

#22 Fundi Taa
Simu nzima. Umeme wetu ni hezi 50, taa nyingi za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni ila kamera inaona. Tafuta programu ya kamera inayokuruhusu kuweka mwenyewe, zipo za bure. Fremu 25 kwa sekunde, spidi ya shata 1/50 ya sekunde. Michirizi inaondoka au inapungua sana. Funga na mwanga usijirekebishe wenyewe, la sivyo mtu akipita mbele ya taa picha yote inapauka.

Halafu acheni saa tatu usiku. Simu gizani inatoa chengachenga tu. Pigeni jua likishazama, anga bado ina bluu na taa za watu zimeshawashwa. Dar muda huo ni kama dakika 20 tu, jioni ya saa 12 na nusu hivi kutegemea mwezi. Fanyeni mazoezi mchana kutwa, ikifika saa yenyewe kila mtu anajua anaposimama. Mkikosa leo, mnarudi kesho saa ileile. Siku tatu mnamaliza shoti za nje.

#23 NipoReading
Salaam kutoka Uingereza. Kazi kama hii niliifanya hapa nikiwa sekondari ya juu, somo la masomo ya habari. Masharti karibu yaleyale: majina na mwanzo wa filamu mpya ya kubuni, isizidi dakika mbili, kila picha na sauti iwe yetu wenyewe isipokuwa muziki usio na hakimiliki. Baada ya hapo maswali saba ya kujitathmini, hayo ndiyo yaliyotutoa jasho.

@Fundi Taa nakuonea wivu dakika 20 za uhakika. Huku Juni jua linazama saa tatu usiku na ushee, Desemba linazama saa kumi jioni haijafika. Sisi tulipiga Desemba. Tunatoka darasani, giza hili hapa. Tatizo vidole, kuna shoti kamera inatetemeka, mwalimu akaandika "uamuzi mzuri wa kisanii". Ilikuwa baridi.

Ila ushauri wangu ni huu. Darasani kwetu makundi manne kati ya sita yalikuwa na mtu wa kofia ya sweta msituni. Manne! La tatu lilipoanza watu wakacheka, ingawa lilikuwa zuri kuliko la kwanza. Huenda darasa lenu halikucheka kazi yenu. Lilicheka kitu ambacho kimeshaonekana mara elfu.

#24 Mtaa wa Pili
Kabla hamjarudi huko pagaleni, nani alipewa taarifa?

Nauliza kwa sababu mwaka fulani nilikuwa kwenye kundi la wanafunzi, tulipiga tukio la kukimbizana usiku uswahilini. Dada anapiga kelele, kijana wa barakoa anakimbia na begi. Kamera iko mbali, haionekani. Watu wametoka na marungu, mmoja ana nondo. Yule kijana alichokifanya ni kuvua barakoa na kuanza kuimba wimbo wa taifa. Sijui wazo alilitoa wapi, lakini ndicho kilichomwokoa, wakabaki wanashangaa mpaka sisi tukafika tunahema. Mpaka leo hakatizi mtaa ule.

Barua ya chuo. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mjumbe. Majirani waliopakana na pagale, nyumba kwa nyumba. Kisu kiwe cha plastiki au cha boksi, na bastola ya kuchezea msiitoe barabarani kabisa. Pia kuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 na Bodi ya Filamu, idara yenu iwaeleze kazi za wanafunzi zinaingiaje humo. Droni msiiguse bila kibali cha mamlaka ya anga.

#25 Mchafuzi
Wimbo wa taifa 😂😂 beti zote mbili?

#26 Mtaa wa Pili
Alikuwa ameshaingia la pili.

#27 Bin Kisauni
Hamjambo nyote. Nawasoma kutoka Mombasa.

Sisi tulipiga ya chuo ndani ya vichochoro vya Mji wa Kale. Msichana atembea, nyuma kuna kivuli chamfuata. Kufika katikati, dirisha la juu likafunguka, nyanya mmoja atoa kichwa: "Nyie watoto, mwafanya nini saa hizi? Na yule wa nyuma ni nani?" Sasa nyuma hakukuwa na mtu wakati ule, mwigizaji wa kivuli alikuwa kaenda kununua maji. Yule msichana aligeuka kwa hofu ya kweli kabisa. Shoti ile ndiyo tuliyoitumia, na sauti ya nyanya tukaiacha.

Nyanya twamtafuta hadi leo atuambie alimwona nani.

#28 Kanjanja
Chai.

#29 Bin Kisauni
Wallahi si chai. Na tangawizi ukitaka, njoo.

#30 Dada Klipu
Nisaidieni kitu. @Kopo la Rangi jamaa anatokea upande gani wa fremu? Na dada anatembea kuelekea wapi?

#31 Kopo la Rangi
Dada anatoka kushoto kwenda kulia. Jamaa nyuma yake… ngoja… shoti iliyofuata tulihamia upande wa pili wa barabara kwa sababu ya taa, kwa hiyo yeye anatoka kulia kwenda kushoto.

#32 Dada Klipu
Ndiyo hiyo. Mmevuka mstari. Kwenye picha jamaa hamfuati dada, wanaelekeana kama watu walioahidiana kukutana. Mtazamaji hajui kanuni yoyote, lakini kichwani mwake jamaa kaja kumpokea dada. Halafu anatoa kisu. Hicho ni kichekesho tosha, hata bila raba.

Chora ramani ya eneo kwa juu, kama mtu yuko juu ya mnazi. Weka vijiti vya kiberiti viwili, dada na jamaa. Piga mstari kati yao. Kamera ibaki upande mmoja. Kazi ya dakika tano mezani.

#33 Babu Reli
Mambo ya mstari yanapindwa na wakubwa kila siku. Taharuki ikiwepo hakuna anayehesabu kushoto na kulia.

#34 Dada Klipu
Wakubwa wanaupinda wakiujua, babu. Hawa waliupinda kwa sababu ya taa ya jirani.

#35 Kopo la Rangi
Nimefanya jaribio. Nimemwonyesha mama mdogo, hamjui yeyote kwenye ile video. Hakucheka. Lakini pia hakuogopa. Aliuliza, "Huyu binti kwa nini asikimbie? Na hiyo rozela mmemwagia ukuta wa watu?"

#36 Mchafuzi
Damu ni juisi ya rozela??

#37 Kopo la Rangi
Ndiyo iliyokuwepo.

#38 Fundi Taa
Rozela kwenye simu inatoka waridi kama sherehe ya ndoa. Chemsha sukari na maji mpaka iwe nzito, weka rangi nyekundu ya chakula, kisha kakao kidogo sana ili iwe na weusi. Jaribu kwanza mbele ya kamera ileile na taa ileile. Psycho walitumia sharubati ya chokoleti kwa sababu filamu ilikuwa nyeusi na nyeupe, msijaribu kwenye rangi.

Angalizo: sisimizi. Tuliwahi kuwa na maiti iliyoamka inajikuna.

#39 Mpangaji Mzoefu
Nimesoma kurasa zote nikiwa kimya. Mnipe nafasi mimi ambaye si wa filamu.

Nimepanga chumba Kimara miaka sita, naishi peke yangu, narudi usiku. Mtu wa barakoa na kisu sijawahi kumwogopa kwa sababu sijawahi kumwona. Ninachokiogopa ni hiki. Nikifunga kufuli langu, upande wenye maandishi nauelekeza mlangoni. Ni mazoea tu. Siku moja nimerudi, kufuli limefungwa vizuri, lakini maandishi yananitazama mimi.

Nilisimama pale na ufunguo mkononi sijui muda gani. Sikumwona mtu, damu haikuwepo. Nilikwenda kulala kwa dada yangu.

#40 SautiKwanza
Jamani.

#41 Babu Reli
Binti, umewapa filamu nzima. Wanafunzi andikeni.

Ndivyo walivyofanya na papa wa Spielberg kwenye filamu ya Jaws, 1975. Papa wa mashine alikuwa anaharibika majini kila mara, ikabidi wamfiche, na kufichwa kwake ndiko kulikowatisha watu. Ninyi mashine yenu mbovu ni barakoa. Ificheni. Hamna hela ya muuaji, lakini kufuli mnalo.

#42 Mwl wa Zamu
Ila huoni, Babu, kwamba hili sasa ni fumbo? Nani aliligusa kufuli? Umeangukia upande wangu.

#43 Babu Reli
Mpaka atie ufunguo, ni taharuki.

#44 Kanjanja
Nina swali la kiufundi. Kama kufuli limefungwa kwa nje, basi aliyeingia ameshatoka. Dada anaogopa nini? Ndani hakuna mtu.

#45 Bin Kisauni
Au walikuwa wawili. Mmoja kamfungia mwenziwe ndani.

#46 Mchafuzi
@Bin Kisauni saa hizi ni usiku na mimi nimepanga.

#47 NipoReading
Mwisho wa siku si alisahau tu mwenyewe? Asubuhi ana haraka, kafunga kinyume. Labda filamu ni hiyo, mtu asiyeamini kumbukumbu zake.

#48 Mpangaji Mzoefu
@NipoReading ndivyo alivyosema shemeji. Sijawahi kuongea naye vizuri tangu siku hiyo.

#49 Kopo la Rangi
Tumekaa kikao jana. Pagale tumeachana nalo, mwenye nyumba anayopanga mwenzetu ametukubalia tutumie korido na mlango mmoja. Mpango uko hivi, shoti 14:

Asubuhi. Mkono unafunga kufuli, unaligeuza, maandishi yanatazama mlango. Klosapu, yaani picha ya karibu kabisa, sekunde 7, jina la kwanza linatokea pembeni. Siku inapita kwa shoti tatu za mlango uleule, kamera haijasogea: mwanga wa asubuhi, jua kali, bluu ya jioni, majina yanaendelea. Jioni, hatua kwenye kokoto, hatuoni mtu. Dada anafika na mfuko wa nyanya na mkate. Anatafuta ufunguo, anaongea na simu kuhusu kitu cha kawaida, mchango wa harusi. Sisi tumeshaliona kufuli, yeye bado. Hapo ndipo nyoka wa Babu yupo kwenye kiatu. Sekunde 25 nzima. Kisha analiona, simu inashuka taratibu, upande wa pili mtu bado anaongea "haloo? haloo?" Kimya. Ndani, sauti moja: glasi inawekwa mezani. Giza. Jina: KUFULI.

Muziki hamna. Kila mtu amepigiwa hesabu ya nauli, tumebaki na 18,000 za chakula.

#50 SautiKwanza
Mchango wa harusi! Hapo mmenipata. Glasi rekodini juu ya meza ya mbao, si ya plastiki, na iwekwe polepole na mtu asiye na haraka.

#51 Dada Klipu
Shoti tatu za mlango kamera haijasogea: wekeni alama za chaki chini ya miguu ya tripodi. Mtu atailamba mateke mchana, nawaahidi. Kwenye "haloo haloo" usikate mapema. Ukihisi imekuwa ndefu, ongeza sekunde moja.

#52 Mwl wa Zamu
Mfuko wa nyanya si keki, lakini nimeridhika.

#53 Kanjanja
Mimi ningeweka damu kidogo tu kwenye kufuli.

#54 Mchafuzi
Ya rozela?

#55 Kopo la Rangi
Wakuu, mrejesho. Asanteni sana.

Tripodi ililambwa mateke siku ya kwanza, chaki ikatuokoa. Siku ya pili kigodoro mtaa wa nyuma, singeli mpaka alfajiri, hatukurekodi kitu. Siku ya tatu tukapata bluu yetu, dakika 17 kwa saa yangu. Sauti ya glasi tulirekodi mara 40.

Leo tumeonyesha. Mpaka kwenye simu watu walikuwa wanacheka, kwa sababu ya mchango wa harusi, yule dada kaigiza vizuri mno. Halafu kufuli likaonekana, kicheko kikakatika kwa baadhi yao, wengine hawakuelewa wakawa wanaulizana "nini? nini?" Glasi ilipogonga, wa mbele aliruka. Watatu wa nyuma wakacheka tena.

Mwalimu akauliza, "Aliyefunga kufuli ni nani, na aliye ndani ni nani?" Tukatazamana. Tulikuwa hatujakubaliana. Mmoja wetu alisema wako wawili, mwingine akasema dada ni msahaulifu, mimi nilisema tutajua filamu ikiendelea. Maksi bado.

#56 Babu Reli
Waliocheka kwenye harusi ni sawa. Pumzi inatoka ili iweze kukatwa.

#57 Dada Klipu
Waliouliza "nini?" ndio wananisumbua mimi. Klosapu ya asubuhi sekunde 7 haikutosha, au maandishi ya kufuli hayasomeki. Kufuli lina rangi gani?

#58 Kopo la Rangi
La shaba, maandishi yamefutika kiasi.

#59 Dada Klipu
Basi. Paka maandishi rangi nyeupe.

#60 NipoReading
Au walikuwa wanasoma majina, mmeweka jina na kufuli kwenye fremu moja. Jicho haliwezi kufanya yote mawili.

#61 Fundi Taa
Au projekta ya chuo giza tupu. Nimeziona.

#62 Kanjanja
Hakuna mtu humu amesema lililo wazi. Mwenye ufunguo wa pili siku zote ni mwenye nyumba. Kaingia kuangalia kama mnatumia jiko la umeme, kafunga, kaenda.

#63 Mpangaji Mzoefu
@Kanjanja na glasi?

#64 Kanjanja
Kamwacha mkewe ndani anywe maji.

#65 Kopo la Rangi
Hii ni kweli kabisa na imetokea jioni hii. Mwenye nyumba wa mwenzetu ameonyeshwa ile video na mwanawe. Amepiga simu kwa hasira anauliza kwa nini tumemsema kwenye filamu. Hatujamtaja popote. Hatuna hata mwigizaji mwanaume.

#66 Mpangaji Mzoefu
Mwambieni mwenzenu abadilishe kufuli leo.